Jeki, jarari na baiskeli: namna mashine rahisi zinavyotuuzia nguvu

Tairi la nyuma la Toyota Noah limepata pancha pembeni mwa barabara. Dereva, mtu mwembamba asiyefika kilo 60, anatoa jeki kwenye buti, anaitega chini ya gari na kuanza kuzungusha. Hahemi. Baada ya dakika chache upande ule wa gari uko hewani, upande ambao vijana wanne wa kijiweni wangeuinua kwa kelele nyingi na kuuachia kabla tairi halijatoka.

Ukimuuliza mtu nguvu ile imetoka wapi, atakujibu: kwenye jeki. Lakini jeki ni chuma kitupu. Haina injini wala betri, na hakuna mahali ilipoficha nguvu za akiba. Kazi yote iliyoinua gari imetoka kwenye mkono wa dereva. Jeki imemfanyia jambo dogo zaidi, nalo ndilo la busara: imemruhusu alipe kwa kudunduliza.

Tupige hesabu. Tuchukue jeki iliyo nyepesi kuieleza, ile ya skrubu moja iliyosimama wima (ya mkasi hesabu yake hubadilika kadiri inavyofunguka, ingawa kanuni ni ileile). Tuseme kila mzunguko unaipandisha milimita 5, na mkono wa kuzungushia una urefu wa sentimita 20. Kiganja cha dereva kikimaliza duara moja kimetembea kama sentimita 126, na gari limepanda nusu sentimita. Ili lipande sentimita 10, anahitaji mizunguko 20. Kiganja chake kitakuwa kimesafiri mita 25. Mita 25 za mkono kwa sentimita 10 za gari ni mara 250. Kwa hiyo ikiwa pembe ile ina kilo 400, mkono unadaiwa sehemu moja tu kati ya 250, yaani kama kilo moja na nusu. Kwa kweli utadaiwa zaidi, pengine mara tatu au nne ya hapo, kwa sababu ya msuguano. Msuguano una kisa chake, tutaufikia.

Katika fizikia, kazi ni nguvu ikizidishwa kwa umbali ambao kitu kimesogea. Hapa Kiswahili cha mtaani na cha darasani hugombana. Mtaani, ukisimama saa nzima na gunia kichwani umefanya kazi, tena ya kutesa. Mwanafizikia atakwambia gunia halijasogea, kwa hiyo hujalifanyia kazi yoyote. Inaudhi, lakini ukiikubali maana hiyo mlango unafunguka, maana kila mashine rahisi inacheza na tarakimu hizo mbili tu. Inaweza kukupunguzia nguvu, na kwa kiasi kilekile ikakuongezea umbali. Au ikakupunguzia umbali na kukuongezea nguvu. Ukizidisha, jibu halishuki hata chembe. Galileo Galilei aliliandika hilo takriban mwaka 1600, akiwasahihisha mafundi wa zama zake waliodhani kwamba kwa mashine wanaweza kuyahadaa maumbile.

Archimedes wa Sirakusa, aliyeuawa mwaka 212 KK, anasifiwa kwa kauli ya kujigamba: nipe mahali pa kusimama, nami nitaisogeza dunia. Mpe. Mpe na wenzo usiopinda na jiwe la kuuegemeza. Dunia ina kilo zipatazo 6 ikifuatwa na sifuri 24. Mtu wa kilo 60 akitaka kuilinganisha, upande wake wa wenzo uwe mrefu kuliko ule wa dunia mara 1 ikifuatwa na sifuri 23. Sasa aisogeze sentimita moja tu. Ncha anayoishika itabidi isafiri umbali ambao mwanga wenyewe ungeutembea kwa zaidi ya miaka 100,000. Mahali pa kusimama kumbe lilikuwa tatizo dogo.

Wenzo, na lile daraja la tatu

Rudi kwenye Noah. Kabla ya jeki kulikuwa na nati, zimekazwa hadi zimeng'ang'ania. Utingo mzoefu wa lori huwa na kipande cha bomba mahali fulani chini ya kiti. Spana ikigoma, analivalisha bomba kwenye mpini, na spana ya sentimita 30 inakuwa ya sentimita 90. Mtu ni yuleyule, kifua ni kilekile, lakini nati sasa inaumwa mara tatu zaidi. Angalia mkono wake: kwa kila robo mzunguko wa nati, unafagia tao lililo refu mara tatu kuliko mwanzo. Bei imelipwa.

Huo ndio wenzo: kitu kigumu kinachojizungusha kwenye egemeo. Neno lenyewe lina safari ya kuchekesha kidogo. Wenzo, kwa wingi nyenzo, ni mti au chuma cha kuinulia au kusogezea kitu kizito. Siku hizi ukilisikia ni kwenye hotuba: "watumishi wapewe nyenzo", na maana yake ni magari, kompyuta na mafuta. Si kosa, maana imepanuka. Ila sidhani kama mhutubiaji hupitiwa na picha ya mtaimbo.

Shuleni tulikaririshwa madaraja matatu ya nyenzo. La kwanza, egemeo liko katikati: mtaimbo unaong'oa jiwe, mkasi, plaisi. La pili, mzigo uko katikati: toroli la zege, kifungulio cha soda. La tatu, jitihada, yaani nguvu unayoitia wewe, iko katikati: ufagio, jembe, kibano, fimbo ya kuvulia samaki. Nilijibu swali hilo kwenye mitihani na kupata alama zote, bila hata siku moja kujiuliza daraja la tatu lipo kwa ajili gani. Maana ukilitazama vizuri, linakula hasara. Mzigo uko mbali na egemeo kuliko mkono wako, kwa hiyo lazima utie nguvu kubwa kuliko mzigo wenyewe. Mashine inayoongeza mzigo!

Jibu liko kwenye tarakimu ya pili. Shika ufagio wenye mpini mrefu. Mkono wa juu umetulia. Huo ndio egemeo. Mkono wa chini unasogea kiasi cha shubiri, na ncha ya ufagio inakwenda kama mita nzima. Vumbi na makaratasi ni mepesi, nguvu unazo za kumwaga, ila eneo la kufagia ni kubwa. Umeuza usicho na shida nacho ukanunua unachokihitaji.

Mwili wako umejengwa kwa biashara hiyohiyo. Kunja mkono kwenye kiwiko uushike mlalo, juu ya kiganja weka dumu la maji la lita 5. Msuli wa mbele ya mkono wa juu umejishikiza kwenye mfupa wa mkono wa chini kama sentimita 4 kutoka kwenye kiwiko, na dumu liko kama sentimita 32. Mara nane. Msuli unavuta kama kilo 40 ili dumu la kilo 5 lisianguke, na hapo uzito wa mkono wenyewe haujahesabiwa. Inaonekana kama uhandisi mbovu mpaka umtazame mtoto akirusha jiwe kuangusha embe. Msuli unajikunja sentimita moja, kiganja kinapiga hatua ya sentimita nane kwa muda uleule.

Baiskeli haikupunguzii nguvu

Hili huwa linaleta ubishi, kwa hiyo nalileta na namba zake. Chukua baiskeli ya kawaida isiyo na gia za kubadilisha, ile ya kubebea dumu za maziwa na mkungu wa ndizi. Mkono wa pedeli una kama sentimita 17, hivyo mguu ukizunguka mara moja umetembea sentimita 107. Giya ya mbele tuseme ina meno 44 na ya nyuma 18. Mzunguko mmoja wa pedeli unazungusha gurudumu la nyuma karibu mara mbili na nusu. Gurudumu la inchi 28 likizunguka mara moja linakula mita 2.2 za barabara. Jumla: mguu umekwenda mita 1, baiskeli imekwenda zaidi ya mita 5.

Kwa hiyo nguvu unayoikanyagia pedeli ni kubwa kama mara tano kuliko ile inayoisukuma baiskeli mbele. Jeki iligeuza mita 25 kuwa sentimita 10; baiskeli inageuza mita 1 kuwa 5. Ni jeki iliyopinduliwa. Inafaa kwa sababu kwenye barabara ya tambarare, kusogeza mtu juu ya magurudumu yenye upepo wa kutosha kunahitaji nguvu ndogo sana, ndogo kuliko miguu inavyoweza kutoa. Miguu ina nguvu ya ziada na haina mbio. Baiskeli inaibadilisha ziada hiyo kuwa mbio. Ukifika kilimani ziada imekwisha, na ndiyo maana unashuka na kukokota. Baiskeli ya gia haifanyi muujiza: ukiweka giya kubwa nyuma unaipunguza ile mara tano iwe mara mbili, miguu inachakarika, barabara inakwenda taratibu.

Inafaa pia kutenganisha kazi mbili za gurudumu, maana vitabu huzichanganya. Gurudumu lililounganishwa na ekseli, kama usukani wa lori la zamani au kitasa cha mviringo cha mlango, ni wenzo unaozunguka bila kukoma: mkono uko mbali na kitovu, kazi inafanyika karibu. Gurudumu la mkokoteni ni habari nyingine kabisa. Halizidishi nguvu ya kuli hata kidogo. Linachofanya ni kuondoa msuguano wa kuburuta, na huo uliobaki kuuhamishia kwenye ekseli, ambako mtu anaweza kuupaka grisi.

Kapi, na mabaharia wanaojua kuhesabu

Kwenye kisima chenye kapi moja iliyofungwa juu, ndoo ya kilo 20 inakudai kilo 20. Watu wengi hawaamini, lakini kamba inayoingia na inayotoka zina mvuto mmoja, na kapi haisogei. Hakuna umbali uliouzwa. Faida yake ni ya mwelekeo tu. Unavuta kwenda chini, ambako uzito wa mwili wako unakusaidia, badala ya kuinama na kuvuta kwenda juu hadi kiuno kilie.

Mambo hubadilika kapi yenyewe inapotembea pamoja na mzigo. Hapo kamba mbili zinashirikiana kubeba, kila moja nusu. Ukiongeza roda, yaani magurudumu ya kapi, unaongeza kamba zinazogawana. Mfano mzuri kuliko yote ninaoujua uko kwenye jahazi, na lugha ya mabaharia wa pwani ina jina kwa kila kipande chake.

Tanga la jahazi hufungwa kwenye foromali, boriti ndefu inayoning'inia mshazari. Foromali huinuliwa kwa henza, kamba nene inayopanda hadi kichwani mwa mlingoti na kushuka upande wa pili. Henza haivutwi kwa mikono. Mwisho wake umeshikizwa gofia, kapi yenye roda zaidi ya moja. Chini, sitahani, kuna kapi mwenzake, abedari. Kati ya gofia na abedari hupita jarari, kamba nyembamba zaidi inayokwenda na kurudi mara kadhaa, na hiyo ndiyo mabaharia wanayoivuta kwa pamoja.

Tuseme foromali na tanga lake vina kilo 300, na kamba sita za jarari zinaivuta gofia. Kila kamba inabeba kilo 50, na mvutaji anadaiwa hizo 50 tu. Lakini foromali ikipanda mita 8, gofia inashuka mita 8, na kila moja ya zile kamba sita lazima ifupike mita 8. Jarari yenye urefu wa mita 48 itapita mikononi mwa watu. Ndiyo sababu kuna rundo kubwa la kamba sitahani baada ya tanga kupanda, na ndiyo sababu kazi hiyo ina mdundo mrefu wa kupokezana mikono, wala si mvuto mmoja wa kukata pumzi.

Mbona basi wasiweke roda 20, mtoto mmoja apandishe tanga peke yake? Kwa nadharia inawezekana. Kwa bahari haiwezekani. Kila roda ya mbao inayozunguka kwenye pini na kila kamba iliyolowa inayopindika inachukua ushuru wake, na baada ya roda kadhaa ushuru unakaribia kuwa mkubwa kuliko faida. Pia kuna saa: upepo ukigeuka ghafla hakuna nahodha atakayengoja mita 160 za kamba.

Mteremko na watoto wake

Lori linalopanda Kitonga, kwenye barabara kuu ya kwenda Iringa na Mbeya, linazunguka kona baada ya kona huku kilele kinaonekana palepale juu. Abiria mgeni huuliza kwa nini hawakuinyoosha. Wangeinyoosha ingekuwa fupi sana, na hakuna lori la tani 30 ambalo lingeipanda. Mwendesha baiskeli mwenye magunia ya mkaa analijua hilo bila mwalimu: anapanda kwa kukata kilima upinde-upinde, kushoto na kulia, akirefusha njia ili kila hatua iwe nyepesi.

Wajenzi wa reli iliyoanzia Mombasa walikutana na swali hilo kwa ukali wake wote. Mwaka 1899 walifika Nairobi, na mbele yao kulikuwa na ukingo wa Bonde la Ufa. Kwa muda waliteremsha mabehewa na vifaa kwa kamba kwenye mteremko mkali, njia fupi, hatari na ya polepole, huku njia ndefu yenye mwinamo wa kustahimilika ikiendelea kujengwa. Reli ilifika Kisumu mwaka 1901, na treni zikaitumia ile ndefu.

Tazama sasa makuli wawili wakipakia pipa la dizeli la lita 200. Likijaa lina kilo zipatazo 185. Bodi ya lori iko mita 1.2 kutoka ardhini. Wanategesha mbao mbili za mita 3.6, ambazo ni mara tatu ya kimo hicho, na mzigo unashuka hadi kama kilo 62. Wenye akili zaidi huongeza kamba: wanafunga ncha moja juu ya bodi, wanaipitisha chini ya pipa na kuirudisha juu, kisha wanavuta wakiwa wamesimama ndani ya lori. Pipa linajiviringisha lenyewe kwenye kamba. Kwa ufundi huo pipa limegeuka kuwa kapi inayotembea, na zile kilo 62 zimegawanyika mara mbili, 31. Wakivuta wawili, kila mmoja ana kama kilo 15 mkononi.

Kabari ni mteremko unaotembea. Badala ya pipa kupanda ubao, ubao unachomekwa chini ya pipa. Badala ya gogo kupanda shoka, shoka linaingia na kuta za gogo zinapandishwa pembeni, huku na huku. Kabari ndefu nyembamba inapasua kwa nguvu ndogo ila inahitaji kuingia sana. Ya kibonge inahitaji nyundo ya nguvu. Kisu butu ni kabari yenye ncha ya kibonge, basi.

Na skrubu, au parafujo kama tulivyoipokea kutoka kwa Wareno pamoja na neno roda, ni mteremko uliokunjwa. Kata karatasi umbo la pembetatu yenye upande mmoja wa mshazari, izungushie kwenye penseli. Ule mshazari utajichora kama hesi za skrubu. Kona za Kitonga zimewekwa kwenye chuma cha unene wa kidole. Nashangaa kwamba Heron wa Alexandria, aliyeandika katika karne ya 1, alitaja mashine tano (ekseli, wenzo, kapi, kabari na skrubu) bila kuuhesabu mteremko. Uliongezwa na Wazungu baada ya karne nyingi, ilhali ndio mama wa wawili kati ya hao.

Sasa kile kisa cha msuguano. Dereva wetu ameinua gari, ameachia mkono wa jeki, na jeki imetulia. Kwa nini uzito wa kilo 400 hauisukumi skrubu izunguke kinyumenyume mpaka chini? Wakati wa kupanda, mkono wake ulilipia vitu viwili: mzigo na msuguano wa hesi. Alipoachia, mzigo ulibaki peke yake ukitaka kushuka, na msuguano ukageuka upande wa dereva. Msuguano ukiwa na nguvu kama mzigo au zaidi, hakuna kinachosogea. Maana yake, jeki inayojishikilia yenyewe lazima iwe imepoteza nusu au zaidi ya jasho la anayeizungusha. Ile hasara tuliyoilalamikia ndiyo inayoliacha gari hewani wakati dereva anatafuta nati iliyoviringika mtaroni.

Jeki ya mafuta ni tofauti. Inapoteza kidogo sana, kwa hiyo haina msuguano wa kuishikilia; kinachozuia gari lisishuke ni vali na mpira wa kuzuia mafuta yasivuje. Mpira ukichakaa, gari hushuka polepole, bila sauti, na kwa macho huoni. Fundi aliyekaa kazini miaka mingi huingiza gogo chini ya chasisi kabla ya kuingia yeye, na nyuma ya tairi lililobaki chini anasukumia jiwe kwa mguu.